Jinsi ya kumfundisha mwanafunzi Mchina kitenzi "piga" bila kumchanganya

Ukimfundisha Mchina Kiswahili, iwe darasani, kwenye kambi ya ujenzi au kwa simu usiku baada ya kazi, siku hii itakufikia. Mwanafunzi ameshajua salamu, anahesabu hadi elfu, anajinunulia nyanya bila mkalimani. Halafu anafungua daftari lake na kuuliza: mwalimu, mbona nyinyi mnapiga kila kitu? Simu mnapiga, pasi mnapiga, mswaki mnapiga, kura mnapiga, hata magoti mnapiga.

Walimu wapya nao huniuliza swali hilohilo kutoka upande wao: nimweleze vipi? Wengi humpa orodha ndefu ya misemo akariri. Atakariri, kisha wiki ijayo itakuwa imemtoka, kwa sababu haoni kinachounganisha msemo mmoja na mwingine. Ipo njia nyepesi zaidi, na tayari imo kinywani mwake. Kichina kina kitenzi dǎ (打), ambacho maana yake ya msingi ni kupiga, nacho kimetapakaa kila mahali kama hiki chetu. Mchina naye "hupiga" simu, chafya na miayo. Tuanzie hapo.

Huhitaji kujua Kichina ili kuufuata mwongozo huu. Maneno machache utakayoyatumia nimeyaandika kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini. Ukikosea matamshi mwanafunzi atakusahihisha, na kipindi kitachangamka zaidi kwa hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mwanafunzi awe anajua viambishi vya nafsi (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-) na nyakati nne: -na-, -li-, -ta-, -me-. Kama bado anasema "mimi kwenda jana", subiri kwanza.
- Daftari lenye ukurasa uliogawanywa safu tatu: Kiswahili, Kichina, na sentensi yake mwenyewe.
- Simu ya kurekodi sauti.
- Vitu halisi vilivyo karibu nanyi: filimbi, mswaki, pasi, muhuri wa ofisi, kipande cha msasa. Kitu kilicho mkononi hufundisha upesi kuliko maelezo.
- Vipindi vinne hivi vya saa moja. Ukiyabana yote kwenye kipindi kimoja, utaharibu.

Hatua ya 1: Hakikisha anasema "piga", si "pika"

Usiiruke hatua hii. Kichina sanifu hakina g kama yetu. Herufi g ya pinyin hutamkwa karibu na k yetu isiyo na pumzi; b huelekea p, na d huelekea t. Sikio la Mchina limezoea kutenganisha sauti kwa nguvu ya pumzi, ilhali sisi tunazitenganisha kwa mtetemo wa koo. Matokeo yake ni "napika simu", na mwenyewe haisikii tofauti.

Mwambie aweke vidole kooni pake aseme "ngoma" polepole, akisikilizia mtetemo. Kisha aanze neno lilelile bila ile n: "goma". Akiliweza, mpe jozi hizi: goma na koma, guna na kuna, bata na pata, dua na tua, mwisho piga na pika. Halafu geuza zoezi. Wewe tamka "piga" au "pika" bila mpangilio, yeye anyanyue kidole kimoja au viwili. Akipata tisa katika kumi, endelea. Akipata sita, rudia kesho kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 2: Anza pale "piga" na dǎ vinapokutana

Mwambie aandike herufi 打. Upande wake wa kushoto ni alama ya mkono, na hilo litamsaidia baadaye. Muulize ni vitu gani ambavyo kwa Kichina hutumia dǎ. Atamwaga vingi, wewe chukua hivi saba tu:

- dǎ rén: kupiga mtu
- dǎ gǔ: kupiga ngoma
- dǎ líng: kupiga kengele
- dǎ diànhuà: kupiga simu
- dǎ zhēn: kupiga sindano
- dǎ pēntì: kupiga chafya
- dǎ hāqian: kupiga miayo

Chafya na miayo ndizo zinazofungua mlango, kwa sababu hapo hakuna mkono wala fimbo, na bado lugha zote mbili zinapiga. Mwanafunzi anatambua mwenyewe kwamba kitenzi hiki mara nyingi ni chepesi sana, na mzigo wa maana umebebwa na jina linalofuata. Nadharia iishie hapo, usiongeze.

Kuhusu sindano, mfundishe neno la mahali anapoishi. Tanzania wengi husema kuchoma sindano, Kenya kudunga. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964, na daktari anayemwambia mgonjwa neno alilolizoea nyumbani kwake anamtoa hofu nusu.

Onyo: usimwandikie kwamba "piga maana yake dǎ". Mwandikie kwamba piga na dǎ vimekutana katika misemo hii saba. Ukiandika kwa namna ya kwanza, hatua inayofuata itakugharimu mara mbili.

Hatua ya 3: Mwonyeshe dǎ inapokwenda peke yake

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, maana furaha ya hatua ya 2 humfanya apige kila kitu. Kila msemo ulio hapa chini una dǎ kwa Kichina lakini hauna piga kwa Kiswahili:

- dǎ chē: kuchukua teksi
- dǎ bāo: kufunga chakula cha kuondoka nacho
- dǎ zhé: kupunguza bei
- dǎ qiú: kucheza mpira
- dǎ shuǐ: kuteka au kuchota maji
- dǎ yú: kuvua samaki
- dǎ máoyī: kufuma sweta
- dǎ sǎn: kujifunika mwavuli
- dǎ kāi: kufungua
- dǎ sǎo: kufagia, kusafisha
- dǎ hūlu: kukoroma

Usimpe yote kwa uzito mmoja. Yule wa ghalani hana haja ya sweta. Chagua manne anayoyatumia kila siku, na kwa wengi ni teksi, chakula, bei na kufungua.

Chukua chakula. Mwanafunzi yuko mgahawani, chipsi zimebaki nusu sahani, anamwambia mhudumu: "Dada, nataka kupiga chakula." Mhudumu anaitikia sawa na kuondoka, kwa sababu mtaani kupiga msosi ni kula kwa nguvu, naye amesikia mteja anataka kuendelea kula. Mfundishe sentensi nzima kama ilivyo: "Dada, naomba unifungie hiki." Aiseme mara nyingi mpaka itoke bila kufikiri.

Mpira pia unahitaji neno moja zaidi. "Kupiga mpira" kwetu ni lile shuti au pasi moja, mguu unapokutana na mpira. Mchezo wenyewe huchezwa. Bahati nzuri, Kichina nacho hakisemi dǎ kwa mpira wa miguu. Husema tī, ambayo ni kupiga teke. Kwa hiyo kosa hili utalisikia zaidi kwenye kikapu na tenisi.

Hatua ya 4: Mwonyeshe "piga" inapokwenda peke yake

Sasa geuza upande. Kichina kina kitenzi maalumu mahali pengi ambapo sisi tunatosheka na piga. Walimu wengi hupanga misemo hii kwa alfabeti, na mimi naiona ni hasara, kwa kuwa mwanafunzi haishi kwa alfabeti. Ipange kwa saa zake za siku.

Asubuhi nyumbani: kupiga mswaki (shuā yá), kupiga pasi (yùn yīfu), kupiga deki. Afanye kila kitendo kwa mikono huku akisema, "Napiga mswaki. Nimepiga pasi shati."

Barabarani: kupiga honi. Kwa Kichina ni àn, yaani kubonyeza, kwa hiyo wengi huanza na "bonyeza honi". Anaeleweka, ila hakuna dereva anayesema hivyo.

Kazini: kupiga muhuri (gài zhāng, ambapo gài ni kufunika), kupiga hesabu, kupiga msasa, kupiga plasta, kupiga rangi. Msasa una bahati yake: Kichina husema dǎmó, kwa hiyo fundi atalinasa papo hapo. Wale wanaoishi kwenye nyumba za muda porini waongezee kupiga kambi.

Jioni: kupiga soga, na Kenya pia kupiga gumzo. Kwenye mechi, kupiga chenga.

Mkutanoni: kupiga makofi, kupiga picha, kupiga kura. Hapa mwonyeshe kitu ambacho hatakisahau. Kichina hutumia kitenzi kimoja, pāi, kwa makofi (pāi shǒu) na kwa picha (pāi zhào). Hata picha ya eksirei husema pāi. Sisi tuna piga kwa yote matatu, na tunasema "kapige picha ya kifua". Njia ni ileile, ni jina la kitenzi tu limebadilika.

Muziki ni zawadi kwake. Kichina kinamlazimu kuchagua: gitaa na piano ni tán, filimbi na zumari ni chuī, fidla ni lā, ngoma ni dǎ. Kiswahili kinampa piga kwa vyote hivyo. Mwambie apumue.

Hodi iache mwisho na uipe muda wake. Kamusi itamwambia kwamba kupiga hodi ni qiāo mén, kugonga mlango, naye atafika kwa jirani, agonge mara mbili kimya kimya kisha asukume. Mfundishe kwamba hodi hupigwa kwa sauti ya mtu. Anasimama nje, anaita "Hodi!", anasubiri "Karibu". Asipoitikiwa anaita tena, na mara ya tatu ikipita kimya, anaondoka. Mlifanyie zoezi mlangoni hasa, yeye nje na wewe ndani.

Hatua ya 5: Tenganisha "piga" na "pigia"

Kama una muda wa hatua moja tu, iwe hii. Nilikuwapo fundi mmoja wa umeme, kijana mpole sana, alipomaliza chakula chake kwa mama ntilie na kutaka kuweka oda ya kesho kwa simu. Akasema kwa tabasamu: "Mama, kesho nitakupiga." Mama akauweka mwiko chini. Wateja wote wakageuka. Herufi moja tu ilikosekana, nayo ndiyo inayotenganisha simu na kipigo.

Habari njema ni kwamba Kichina kina kitu cha namna hiyohiyo. Wǒ dǎ nǐ ni "ninakupiga". Wǒ gěi nǐ dǎ diànhuà ni "ninakupigia simu". Neno gěi ndilo linaloonyesha kwamba tendo linamwendea mtu. Mwandikie hivi, kwa kalamu ya rangi tofauti:

ni-ta-ku-pig-i-a simu

Mwambie: -ku- ni nǐ, na hiyo -i- ni gěi. Wachina niliowafundisha hulishika mara moja wakionyeshwa hivyo, na hupotea wakiambiwa "kauli ya kutendea". Jina hilo la kisarufi lihifadhi kwa baadaye.

Tatizo linabaki kwenye mpangilio. Gěi nǐ hukaa kabla ya kitenzi na husimama peke yake, kwa hiyo atasema "kwa wewe nitapiga simu". Usimkatize. Rudia sentensi yake ikiwa sahihi, kisha abadilishe mtu: nitakupigia, nitampigia, nitawapigia, utanipigia, watatupigia. Mkazo nao huhama kutoka PI-ga kwenda pi-GI-a. Mpigie makofi kwenye silabi hiyo mpaka aisikie.

Kisha atauliza swali gumu: mbona tunasema "nikupige picha" bila hiyo -i-? Swali ni la haki. Kanuni ninayoitumia ni hii: kitu kikimwangukia mtu mwenyewe au kikibaki juu yake, tumia piga. Tendo likielekezwa kwake kutoka mbali, au likifanywa kwa ajili yake, tumia pigia.

Kumpiga picha, sindano, teke, kofi, busu, chenga. Kulipiga shati pasi. Kuipiga barua muhuri.

Kumpigia simu, honi, makofi, kura, kelele, magoti, hodi, debe.

Halafu mpe jozi moja ya kupima uelewa wake: "Nipige picha" na "Nipigie picha ya nguzo ile." Katika ya kwanza, anayesema yumo mwenyewe ndani ya picha. Katika ya pili ipo nguzo, na picha ni kwa ajili yake. Akikueleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili cha kuunga, amevuka.

Hatua ya 6: Pigwa, pigana, pigiana

Hii ni ya haraka. Pigwa ni bèi dǎ, na hiyo anaijua. Mpe sentensi tatu: "Shati limepigwa pasi." "Mtoto amepigwa sindano." "Nimepigiwa simu na bosi." Ongeza "amepigwa na butwaa" na "tumepigwa na jua", kwa kuwa atazisikia.

Pigana ni dǎ jià. Pigiana ni kuwasiliana kwa simu. Onyo ni lilelile la mama ntilie: anayeagana na mwenzake kwa "tupigane kesho" ametangaza ugomvi. Aseme "tupigiane".

Hatua ya 7: Piga za mtaani, kwa kusikia tu

Mfundishe azielewe, asizitumie mpaka awe na marafiki wa kumrekebisha. Kupiga kazi ni sifa. Kupiga chini ni kukataa au kuacha. Kupiga vita rushwa ni kupambana nayo. Kupiga dili na kupiga hela zina harufu ya ujanja, na hapa uwe mkali naye: Tanzania ya leo, "upigaji" ni wizi wa fedha za ofisi au za umma. Mpiga picha ni fundi wa picha na mpiga kura ni raia mwema, lakini "mpigaji" bila jina linalofuata ni mtuhumiwa. Meneja akimsifu mhasibu wake mbele ya watu kwamba ni mpigaji hodari, ameharibu uhusiano ambao samahani haitautengeneza upesi.

Ikikwama

*Anaacha jina.* "Jana nilipiga." Usimkamilishie. Uliza, "Ulipiga nini?" kila mara, mpaka azoee kwamba piga haitembei peke yake. Isipokuwa pigia: "nipigie" pekee inaeleweka kuwa ni simu.

*Anasema "piga mlango" akitaka kufungua.* Ni dǎ kāi imemrudia. Rudi hatua ya 3 na ufanye misemo ile minne tu, si orodha nzima.

*Anakwepa.* Amechekwa mahali, sasa anasema "fanya simu", "fanya picha". Mpe wiki moja ya misemo mitatu isiyo na hatari, yaani picha, mswaki na muhuri, halafu ndipo urudi kwenye simu.

*Programu ya tafsiri inampa dǎ kila mahali.* Ni kwa sababu anatafuta neno moja. Mzoeze kuandika yote mawili, "piga pasi", "piga kura", na hata hivyo alinganishe na daftari lake.

*Darasani anaelewa, mtaani hasikii.* Watu hawasemi "nitakupigia" silabi kwa silabi; husema "n'takupigia", tena wakiwa wanatembea. Waombe watu watatu tofauti, mzee mmoja, kijana mmoja na mwanamke mmoja wa sokoni, wamrekodie sentensi zilezile kumi kwa mwendo wao wa kawaida. Azisikilize akiwa njiani, kisha akuandikie alichosikia, na hapo utajua kama ni sikio au ni sarufi.

*Piga imerudi kuwa pika.* Hutokea akichoka au akiongea haraka. Acha maana zote, rudini kwenye "ngoma, goma" kwa dakika tano, kisha endeleeni mlipoishia.